Injini Iliyoogeshwa

Nyumbani, meza ya jikoni
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa binamu,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba kile kikohozi ulichokitaja kimekuachia. Kama bado, mama yako anasema uache kulala na dirisha wazi, na anasema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua kwamba hulifungi. Sisi hatujambo. Mzee wangu, yaani mjomba wako, goti humsumbua asubuhi na kumwacha mchana. Mama yako ni mzima kutushinda sote. Wiki iliyopita nilimwona amebeba betri ya gari kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika kikombe cha chai.

Uliuliza gari la marehemu baba yako limefikia wapi, na kama zile ringi za pistoni na gasketi ulizotuma zilifaa. Zilifaa. Unasema mama yako alikujibu kwa neno moja tu, "Salama." Neno hilo ni la kweli leo. Alhamisi halikuwa la kweli. Nakueleza mwenyewe, maana kwa mama yako utasikia pungufu na kwa fundi utasikia zaidi ya yaliyotokea.

Kwanza ujue ugomvi ulihusu nini. Tangu baba yako afariki, gari lilikuwa halijatoka banda la nyuma. Mzee naye, tangu astaafu ukarani wa mahakama, anataka kufuga kuku, na hakuna mahali pengine pa kuwaweka. Mwezi uliopita, tukiwa mezani, alisimama na goti lake akatoa uamuzi. Jumamosi ya tarehe nane angekuja mnunuzi wa vyuma chakavu. Kama siku hiyo gari lingetoka bandani kwa nguvu zake lenyewe, mnunuzi angerudi mikono mitupu. Kama lisingetoka, lingepakiwa kwenye lori lake.

Mama yako alitafuna mpaka akamaliza. "Litatoka," akasema.

Maana ya gari lile kwake, huenda ulikuwa mdogo mno kuielewa. Katika miaka yake yote ya ukunga, baba yako ndiye aliyempeleka kwa wazazi. Akifika alikuwa hazimi injini, kwa sababu hakuwa na uhakika ingewaka tena. Alikaa humo anasoma gazeti mpaka mtoto azaliwe. Wanawake wa mitaa hii walijua mkunga amefika kwa kuisikia injini kwanza. Mama yako hajawahi kuniambia kwamba analipenda gari hilo. Aliniambia tu kwamba mtu akilikata kwa msumeno, yeye atahama.

Fundi unamkumbuka, yule tunayemwita Bado Kidogo, kwa kuwa hajawahi kujibu swali la "lini" kwa maneno mengine. Ni fundi mzuri, na ukikaa naye muda wa kunywa soda atakwambia hivyo mwenyewe. Aliishusha injini, akaifungua yote, akapeleka silinda kuchongwa, akaanza kuifunga upya na vifaa vyako. Mpaka hapo sina malalamiko.

Tatizo ni kwamba mama yako aligeuza banda kuwa wodi ya wazazi. Aliweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni, na hakuna aliyeingia bila kunawa mpaka viwiko. Mzee alikataa mara moja. Akasimama nje mpaka alipochoka, akanawa. Vipuri vililazwa juu ya shuka nyeupe. Vitambaa vya kufutia vilihesabiwa asubuhi na kuhesabiwa tena jioni, kwa sababu, anasema, kitambaa kilichoingia lazima kitoke. Siku moja kilipungua kimoja. Injini ilifunguliwa kifuniko, wakamulika kila tundu kwa tochi, kumbe kipo shingoni kwa fundi, anafutia jasho.

Na injini haikuwa "hiyo" tena. Ilikuwa "yeye". "Yeye amekunywa oili?" "Yeye mbona mmemwacha wazi, hamwoni vumbi?" Fundi mwanzoni alicheka. Baada ya muda nilimsikia naye akisema, "Tumpumzishe kwanza."

Sasa nifike Alhamisi. Injini ilikuwa imesharudishwa garini, na kazi iliyobaki ilikuwa kuiandaa kuwashwa kwa mara ya kwanza. Mzee alikuja kukagua. Fundi, akiona amepata msikilizaji, akajiegemeza kwenye boneti.

"Injini mpya hufa dakika ya kwanza, mzee," akasema. "Oili yote bado iko chini. Huku juu kukavu kabisa. Ule mhimili unaofungua valvu unazunguka chuma kwa chuma. Fundi wa kubahatisha anaua injini hapo hapo. Mimi je? Mimi nimeupaka dawa nyeusi, nzito, ya kuulinda mpaka oili ipande. Dawa ile haitoki hata uifanyeje."

"Inatoka," akasema mama yako kutoka kwenye kona yake.

"Haitoki, mama."

"Kwa maji ya moto na sabuni, inatoka."

Fundi alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso. "Mama umejuaje?"

"Nilimwosha. Wiki iliyopita ulikwenda kula ukamwacha juu ya shuka yangu, amejaa uchafu. Nikamwogesha, nikamkausha vizuri, nikampaka mafuta, nikamrudisha ulipomweka."

"Mafuta gani?"

"Ya mtoto."

Fundi akatafuta pa kukaa. Akakaa juu ya ndoo ya kunawia. Ilikuwa na maji.

Kwa haki ya pande zote, niandike kwamba mhimili ule aliufunga fundi kwa mikono yake mwenyewe, miwani ikiwa juu ya paji la uso. Nilipomuuliza kama hakuona tofauti, alikiri kwamba aliusikia unanukia vizuri, akadhani ni mama.

"Kwa hiyo tungewasha hivi hivi..." Mzee akaanza.

"Tungemzika," fundi akasema, bado yuko ndani ya ndoo.

Mama yako hakulia wala hakujitetea. Alikunja shuka. Aliponipita mlangoni aliniambia polepole, "Sijawahi kumdhuru mtoto wa mtu," akaenda kulala kabla ya jua kuzama. Chakula chake kilirudi jikoni kama kilivyokwenda.

Mzee angeweza kufurahi. Siku mbili tu kabla ya Jumamosi, na injini inatakiwa kufunguliwa upya! Badala yake aliingia chumbani, akatoka na suruali yake ya kazini, ile nyeusi ya mahakamani, akampa fundi avae. Suruali ilimwishia fundi juu kidogo ya kifundo cha mguu. Ijumaa yote alifanya kazi amevaa hiyo, na sikumbuki kumwona makini vile maishani. Alifungua kifuniko cha juu, akalegeza mnyororo wa kuuzungusha mhimili, akautoa mhimili wenyewe, akaufuta mafuta ya mtoto, akaupaka dawa yake nyeusi, akaurudisha. Mama yako alikaa mlangoni, mikono ameilaza mapajani. Mara moja tone la ile dawa lilidondoka juu ya shuka. Vidole vyake vilitikisika, lakini havikuondoka mapajani.

Jumamosi asubuhi maandalizi yalianza upya. Oili ikamiminwa, rejeta ikajazwa maji, mipira yote ikaminywa mmoja mmoja kuona kama inavuja. Plagi zikatolewa ili injini izunguke kirahisi bila kuwaka, kisha fundi akawa anapiga starta kwa vipande vifupi, tukiitazama ile taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi. Ikizimika, ina maana oili imefika juu. Ilikaa nyekundu mpaka Mzee akaanza kuhema. Kisha ikazimika. Vitambaa vikahesabiwa. Vilitimia vyote, hata cha shingoni.

Fundi akarudisha plagi na nyaya zake, akaketi kwenye usukani, akawasha.

Injini ilizunguka, ikakohoa, ikapiga chafya. Sina neno jingine. Mlio mmoja mkubwa, mwali mfupi wa moto kutoka kwenye kabureta, na moshi. Mzee, aliyekuwa amesimama na ndoo ya mchanga tangu alipoamka, akaimwaga kwa nguvu zake zote. Moto ulikuwa umeshazimika wenyewe. Mchanga ulimpata fundi aliyekuwa anashuka, ukajaa kwenye viatu vyake na kwenye mapindo ya suruali ya mahakama.

Wakati huo huo honi ya lori ikalia getini.

Mnunuzi wa vyuma chakavu ni mtu mpole, na watu humwita Kilo, kwa sababu hutazama kila kitu kwa uzito wake. Alinawa mikono mlangoni bila kuuliza. Akalizunguka gari. "Bila viti na matairi," akasema kwa upole, kisha akamalizia hesabu moyoni. Akalitazama geti letu pia. Akamtazama Mzee.

"Mimi sio chuma," Mzee akamwambia.

"Bado kidogo," fundi akasema, na kwa mara ya kwanza lilitoka kama ombi.

Akajaribu tena. Chafya. Cheche ilikuwepo, petroli ilikuwepo. Fundi akajikuna kichwa, kisha akakipiga. Unisamehe nikieleza kidogo, maana hapa ndipo kila kitu kiliposimama. Pistoni hupanda juu mara mbili. Mara moja hupanda imebana hewa, tayari kwa cheche, na mara nyingine hupanda kutoa moshi tu. Alama iliyoko mbele ya injini haikwambii ni ipi kati ya hizo. Ijumaa, baada ya kuufungua ule mnyororo, fundi aliurudisha kwenye alama akadhani yamekwisha. Cheche zikawa zinafika wakati wa moshi.

"Sasa utajuaje anapobana?" mama yako akauliza. Alikuwa amekaa mlangoni tangu asubuhi.

"Mtu anaziba tundu la plagi ya kwanza kwa kidole gumba, mwingine anazungusha injini kwa spana, polepole. Hewa ikikisukuma kidole, hapo ndipo penyewe. Lakini wengi hawaisikii, mama. Wanasikia imeshapita."

Mama yako akanyanyuka. Akanawa mpaka viwiko. Akaweka kidole gumba juu ya tundu la kwanza na kufumba macho.

"Zungusha. Polepole. Usimlazimishe."

Fundi akazungusha.

"Bado. Bado, endelea. Ametulia tu huyu. Endelea. Ngoja... anakuja. Anakuja... Simama! Anasukuma."

Fundi alisimama hapo hapo kama aliyepigwa picha. Akafungua kifuniko cha kile kifaa kinachogawa cheche, akachungulia. Mkono wa ndani ulikuwa umeelekea waya wa silinda ya nne badala ya ya kwanza, upande wa pili kabisa. Akazihamisha nyaya bila kusema lolote. Kwa fundi yule, hiyo ni barua ndefu ya kuomba radhi. Alipomaliza akasema, "Mama, mikono yako inajua." Mama yako akamjibu, "Na yako. Washa."

Iliwaka papo hapo.

Kelele yake unaikumbuka. Kilo alivua kofia. Lakini injini mpya haiachwi ingurume taratibu. Lazima iendeshwe kwa mwendo wa kasi kidogo dakika ishirini mfululizo, ili vyuma vizoeane na oili irukie kila mahali. Ikizimwa kabla, kazi yote inaharibika. Basi fundi akashika waya wa kuongezea mafuta kule chini ya boneti, mama yako akawa anamulika kila mpira, na Mzee akatumia nafasi hiyo kusoma sehemu iliyobaki ya uamuzi wake. Ilibidi apaze sauti.

"Nilisema litoke!" akapiga kelele. "Likishatoka, banda ni la kuku! Sikusema popote kwamba litarudi!"

Binamu, nimewasikia mawakili wa hali ya juu wakishindwa kutega mtego kama huo. Likiwaka au lisiwake, banda lilikuwa lake tangu siku ya kwanza. Mama yako aliinua kichwa akamtazama kama anavyowatazama waume wanaouliza kama kazi itachukua muda mrefu. Kisha akarudi kwenye mipira yake.

Muda ulipotimia, fundi akaachia waya, na injini ikashuka ikatulia. Mama yako akanawa tena. Akavua aproni, akachukua mkoba wake wa zamani, akazunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akaketi, mkoba mapajani. Hajawahi kuendesha gari hata siku moja, na nadhani sote tulikuwa tumelisahau hilo. Fundi akawahi kuingia upande wa usukani.

"Shuka, mwanangu," mama yako akamwambia. "Wewe umemaliza."

Akamtazama Mzee kupitia kioo cha mbele.

"Kaka. Uamuzi ni wako. Litoe."

Mzee alimtazama Kilo. Alilitazama banda. Alinitazama mimi, nami nikatazama rejeta. Mwishowe akaingia, goti likamfanya aingie kwa vipande, akashika usukani kama mtu anayeshika mkono wa mkwewe. Gari lilitoka kinyumenyume, likapita getini sentimita chache kutoka kwenye lori, likapotea mtaani.

Hawakurudi mapema. Kilo alisubiri kwa adabu, kisha akaomba zile pistoni za zamani na ndoo iliyobonyea alipokaa fundi. Nikampa. Kwa hiyo hakuondoka mikono mitupu, na kwenye kipengele hicho uamuzi wa Mzee haukutekelezwa. Alipoondoka tu, kuku alioagiza Mzee wakaletwa kwenye mkokoteni, ndani ya matenga. Mwenye mkokoteni alikuwa na haraka. Mimi na fundi tukaona banda liko tupu na mwenye kuku alishasema ni lake, tukawaachia humo.

Ndipo tukasikia honi. Honi ya gari lile haikulia hata enzi za baba yako. Mzee alikuwa nje ya banda, kiwiko kimetoka dirishani.

"Nani kaweka kuku hapa?" akauliza.

"Ni kuku wako, mzee," fundi akasema.

"Sikuuliza ni wa nani. Watoeni, nataka kuingiza gari."

Tukawatoa. Si kazi ya watu wawili, hasa mmoja akiwa amevaa suruali ya mahakama iliyojaa mchanga. Mvua ilikuwa inakaribia na chumba kisichokuwa na mtu nyumba nzima kilikuwa kimoja. Nasikitika kukujulisha kwamba kuku wako chumbani kwako. Kitanda tumekifunika na vitabu vyako viko juu ya kabati langu. Ukija, piga hodi kwanza.

Walikokwenda hawajasema. Mama yako anasema walizunguka tu. Mzee anasema gia ya tatu ni nzito na breki ya kushoto inavuta, na mambo hayo hayajulikani kwa kuzunguka tu. Leo asubuhi nimewakuta wamekaa ndani ya gari, bandani, limezimwa, wanabishana kama redio yake iliwahi kufanya kazi. Nilimuuliza Mzee ule uamuzi umefikia wapi. Akaniambia shauri limeahirishwa. Nikamuuliza litatajwa tena lini.

"Bado kidogo," akasema.

Mama yako anakusalimu na kukushukuru kwa ringi, anasema zimemkaa vizuri. Mjomba wako anakusalimu, na fundi pia, ambaye anataka ujue kwamba suruali amerudisha. Nisalimie mkeo na mjukuu wa mkunga, mwambie bibi yake amepata usafiri wa kuja kumpokea siku mtakayokuja. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya na akuondolee kikohozi hicho kabla mama yako hajaamua kukuogesha.

Nabaki binamu yako, ninayekupenda hata unapochelewa kujibu.

N.B. Jogoo ameanza kulala juu ya kiti chako cha kusomea. Nimejaribu kumtoa. Mama yako anasema tumpumzishe kwanza.